Kusasisha programu dhibiti ya ruta ya nyumbani: njia ipi uichague, na tiba ipi itangulie mtandao ukigoma

Ruta ya nyumbani ni kompyuta ndogo, na programu dhibiti ndiyo mfumo unaoiendesha: ndiyo inayozigawia anwani simu na runinga, ndiyo inayofunga au kufungua milango kwa walio nje, na ndiyo inayoamua redio ya Wi-Fi irushe katika chaneli gani. Watengenezaji hutoa matoleo mapya ya programu hiyo ili kuziba nyufa za usalama na kurekebisha hitilafu, lakini njia za kuyafikisha kwenye kifaa ni zaidi ya moja, na si zote zinazomfaa kila mtu. Makala haya yanalinganisha njia nne: kuiacha ruta ijisasishe yenyewe, kubonyeza kitufe cha kusasisha katika ukurasa wake, kupakia faili kwa mkono, na kuachana kabisa na programu ya mtengenezaji kwa kuweka OpenWrt, programu dhibiti huria. Baada ya hapo yanalinganisha tiba ambazo watu hukimbilia mtandao unapokataa baada ya sasisho, kwa sababu nimeona ruta nyingi zikiharibiwa na tiba kuliko zinazoharibiwa na sasisho lenyewe. Kipimo ninachokitumia kote ni kimoja: ukikwama katikati, unarudije?

Kwanza ijulikane ruta ni ya nani

Nyumba nyingi zina kifaa kilichofungwa na mtoa huduma, ambacho ama ni kisanduku cha faiba chenye taa zilizoandikwa PON na LOS, ama ni ruta ya 4G au 5G inayotumia laini. Vifaa vya namna hii aghalabu husasishwa na mtoa huduma mwenyewe kutoka mbali, kwa utaratibu wa mawasiliano uitwao TR-069, ambao umekuwepo tangu 2004. Mara nyingi mteja haoni hata kitufe cha kusasisha, kwa kuwa akaunti aliyopewa ni ya mtumiaji wa kawaida, na ile ya msimamizi imebaki kwa kampuni. Utaratibu huo una faida na hatari zake. Novemba 2016, nchini Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walikosa huduma baada ya washambuliaji kuugonga mlango namba 7547, ule ule unaotumiwa na TR-069. Hata hivyo, dawa nayo ilitoka kwa kampuni hiyo hiyo: programu mpya iliandaliwa upesi, na wateja wakaelekezwa wazime ruta zao, wasubiri kidogo, kisha waziwashe ili zijipakulie toleo lililorekebishwa.

Kwa hiyo, ukipima kati ya kuisasisha mwenyewe ruta ya mtoa huduma na kumwachia yeye, mwachie yeye. Faili unalolikuta katika tovuti ya mtengenezaji huenda halina marekebisho ambayo kampuni iliyaagiza kwa ajili ya mtandao wake, na ruta za 4G zinazouzwa pamoja na laini mara nyingi zimefungiwa mtandao mmoja na kuwekewa programu ya mtandao huo pekee. Starlink, inayopatikana Kenya tangu Julai 2023, iko katika kundi hili hili, kwani dishi na ruta yake hujisasisha na mteja hachagui faili lolote. Anayetaka mamlaka kamili juu ya Wi-Fi ya nyumbani kwake anunue ruta yake mwenyewe na kuichomeka nyuma ya kifaa cha mtoa huduma. Yanayofuata yanamhusu zaidi huyo.

Ijisasishe yenyewe au ubonyeze mwenyewe

Hoja kubwa ya kuiacha ruta ijisasishe ni muda. Machi 2023, TP-Link ilitoa toleo lililoziba ufa uliopewa namba CVE-2023-1389 katika ruta ya Archer AX21. Aprili mwaka huo huo, watafiti wa Zero Day Initiative wakaripoti kwamba Mirai, programu hasidi inayoteka ruta na kuzitumia kushambulia mitandao ya wengine, ilikuwa tayari inaupitia ufa huo. Mwenye nyumba aliyengoja likizo ndipo afungue ukurasa wa ruta alikuwa amekwisha kuchelewa. Mfano wa upande wa pili ni ruta za MikroTik, ambazo wauzaji wengi wa intaneti ya mitaani wanazifahamu vizuri. Dawa ya ufa wa Winbox, huduma yake ya kuisimamia ruta, ilitolewa Aprili 2018, na Agosti mwaka huo ruta zaidi ya 170,000, nyingi zikiwa Brazil, zilikutwa zimetekwa na kuzilazimisha kompyuta za watumiaji zichimbe sarafu ya kidijitali. Dawa ilikuwapo kwa miezi minne, ila ilimngoja mtu aje kubonyeza.

Njia hii, hata hivyo, ina gharama yake, na si haki kuificha. Mei 2023, ruta nyingi za ASUS duniani zilianza kukata mtandao kwa sababu ya faili lenye kasoro lililotumwa kiotomatiki kutoka kwenye seva za kampuni, likazijaza ruta kumbukumbu hadi zikashindwa kufanya kazi. Hakuna mtumiaji aliyekuwa amebonyeza chochote. ASUS ilirekebisha upande wake, na wengi walipona kwa kuwasha ruta upya, ingawa wengine walilazimika kurejesha mipangilio ya kiwandani. Anayechagua kujisasisha anakubali kwamba siku moja anaweza kuamka na kukuta mtandao umebadilika bila yeye kujua kilichotokea usiku.

Kuna jambo la saa ambalo huku kwetu linastahili kuangaliwa kwa makini. Ruta nyingi hupanga kujisasisha kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, lakini zinahesabu kwa ukanda wa saa uliowekwa ndani yake, si kwa saa ya ukutani. Ruta iliyoachwa kwenye saa za Greenwich itaanza kazi hiyo saa kumi na mbili asubuhi ya Dar es Salaam au Nairobi, wakati watoto wanajiandaa kwenda shule, na iliyoachwa kwenye saa za pwani ya magharibi ya Marekani itaanza mchana, katikati ya kikao cha mtandaoni. Zaidi ya hayo, katika nyumba nyingi ruta huzimwa kwenye soketi kabla ya kulala. Ruta ya nyumba hiyo inaweza kuonyesha kwamba kujisasisha kumewashwa, ilhali haijawahi kupata usiku mmoja wa kufanya kazi hiyo. Fungua ukurasa wa mipangilio, weka ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, kisha chagua saa ambayo kifaa kiko hewani kweli.

Kubonyeza mwenyewe kitufe cha kusasisha kuna uzuri wa aina yake. Ruta yenyewe ndiyo inayotafuta toleo linaloifaa, kwa hiyo huwezi kuchukua kwa bahati mbaya faili la kifaa kingine, na wewe ndiye unayechagua saa. Vilevile unapata nafasi ya kusoma maelezo ya toleo kabla ya kukubali, jambo ambalo mfumo wa kiotomatiki haukupi. Udhaifu wake ni kwamba watengenezaji wengine hutoa matoleo kwa awamu, hivyo kitufe kinaweza kukuambia kwamba una toleo la mwisho wakati jipya limekwisha kuwekwa katika tovuti. Wapo wanaopendelea kubonyeza kupitia programu ya simu ya mtengenezaji, na kazi inayofanyika ni ile ile. Mimi napendelea ukurasa wa ruta unaofunguliwa kwa kuandika 192.168.0.1, 192.168.1.1 au anwani iliyo kwenye kibandiko, kwa sababu ukurasa huo hufunguka hata intaneti ikiwa haipo, ilhali baadhi ya programu za simu hudai kwanza uingie kwenye akaunti ya mtandaoni.

Uamuzi wangu kati ya hizi mbili unategemea umeme. Umeme ukikatika wakati ruta inaandika toleo jipya kwenye kumbukumbu yake, yaweza isiwake tena, na hapo ndipo swali la kurudi linapokuwa zito. Mwenye UPS ndogo ya ruta, yaani betri inayoishikilia umeme ukikatika, awashe kujisasisha na asiwe na hofu, mradi volti ya UPS ilingane na ile iliyoandikwa kwenye adapta: nyingi ni 12V, nyingine 9V, na kosa hapa laweza kuunguza kifaa. Asiye na UPS, hasa anayekaa mahali ambapo umeme hukatika mvua ikianza, asitegemee usiku. Abonyeze kitufe mwenyewe mara moja kwa mwezi, asubuhi iliyotulia, akiwa karibu. Na mtu ambaye anajijua kwamba hataugusa ukurasa huo mwaka mzima, awashe kujisasisha hata bila UPS, kwa kuwa ruta iliyo wazi kwa washambuliaji kila siku iko hatarini kuliko ile inayobahatisha dakika tano za umeme mara chache kwa mwaka. Watumiaji wa MikroTik wakumbuke kwamba kazi yao ina hatua mbili: kusasisha RouterOS, yaani mfumo wenyewe, kisha kusasisha programu ya RouterBOARD, yaani ile ya ubao wa ruta, na kuiwasha tena. Hatua ya pili husahauliwa sana.

Kupakia faili kwa mkono

Njia hii ni ya pale kitufe kinaposhindwa: seva ya mtengenezaji haijibu, ruta haina intaneti ya kupakulia, au unahitaji toleo fulani mahsusi. Ina nguvu kuliko zilizotangulia, na ndiyo inayoua ruta nyingi zaidi, karibu zote kwa sababu moja: faili lisilo la kifaa hicho.

Geuza ruta uangalie kibandiko kilicho chini yake. Karibu na jina la modeli, kwa maandishi madogo ambayo mara nyingi yanahitaji tochi ya simu, kuna alama kama Ver: 3.0 au V3. Alama hiyo inataja toleo la maunzi, na uzito wake ni sawa na wa jina lenyewe. TP-Link TL-WR841N, ruta nyeupe ya antena mbili iliyoenea katika maduka ya mjini, imetoka katika matoleo zaidi ya kumi yanayofanana kwa nje, ilhali ndani si kifaa kimoja: toleo la 13 lina chipu ya kampuni nyingine na hifadhi ya MB 8 badala ya MB 4 za toleo la 12. Faili la mmoja haliwezi kumwendesha mwenzake. Ruta nyingi hukataa faili lisilo lake, lakini si zote, na si kila mara. Angalia pia herufi za eneo, kwa mfano EU au US, kwa sababu faili la eneo lingine linaweza kukataliwa au kubadilisha chaneli zinazoruhusiwa.

Faili linapopakuliwa huwa limefungwa kwenye folda iliyobanwa, na ruta inataka lile lililo ndani, kwa kawaida lenye mwisho wa .bin. Kama mtengenezaji ametoa alama ya uhakiki ya SHA-256 au MD5, ilinganishe, hasa ukiwa umepakua kwa bando linalokatika katika. Pakia kwa kompyuta iliyounganishwa kwa kebo kwenye mlango wa LAN, ule wa vifaa vya nyumbani, wala si kwa Wi-Fi, kwa kuwa Wi-Fi yenyewe itazimika kazi ikiendelea. Mstari wa maendeleo ukisimama kwa dakika kadhaa usichomoe waya. Kazi yote huchukua takriban dakika tatu hadi tano, na kwa baadhi ya ruta hufika kumi. Soma maelezo ya toleo hadi mwisho, kwa sababu baadhi hukutaka upitie toleo la kati kwanza, na mengine hueleza kwamba ukishapanda huwezi kushuka.

Jambo moja linahusu njia zote, na ningependa lifanywe kabla ya kubonyeza chochote: piga picha ya ukurasa wa WAN, yaani wa muunganisho wa ruta na mtoa huduma. Humo ndimo mlimo jina la mtumiaji wa PPPoE (njia ya kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nenosiri), namba ya VLAN kama ipo (alama inayotenga njia ya intaneti ndani ya waya), na anwani za DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Kwenye ruta ya laini, humo mna APN, yaani jina la lango la intaneti la mtandao wa simu. Nenosiri la PPPoE huonekana kama nukta, kwa hiyo liombe kwa mtoa huduma mapema, wakati bado una mtandao wa kumfikia.

Mtengenezaji akiiacha ruta: OpenWrt au kifaa kipya

Kila modeli hufika siku ambayo mtengenezaji haitolei tena masasisho. Hapo chaguo ni mbili. OpenWrt ni mradi huria ulioanza 2004 baada ya Linksys kutoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G, na hadi leo unaendelea kuzipa uhai ruta ambazo watengenezaji wake wamezisahau. Ninauheshimu sana mradi huu, na nimeona ruta za zamani zikifanya kazi nzuri chini yake. Lakini haufai kila kifaa. Ruta zenye MB 4 za hifadhi na MB 32 za RAM hazipati tena matoleo yake mapya, kwa hiyo TL-WR841N ya toleo la 12 haina nafasi, na hata ile ya toleo la 14 iliyoirithi 13 ilirudi kwenye MB 4. Ruta zenye redio za kampuni ya Broadcom nazo mara nyingi hubaki na Wi-Fi dhaifu au bila Wi-Fi kabisa. Na anayeiweka kwa mara ya kwanza ajue kwamba kwa kawaida redio ya Wi-Fi huja ikiwa imezimwa. Wengi hudhani wameiua ruta, kumbe ingetosha kuingia 192.168.1.1 kwa kebo, kuweka nenosiri la msimamizi ambalo mwanzoni halipo, na kuiwasha redio.

Kama kifaa kipo katika orodha ya mradi, kina angalau MB 16 za hifadhi na MB 128 za RAM, na nyumbani kuna mtu asiyeogopa kusoma maelekezo marefu, OpenWrt ni chaguo bora kuliko kutupa. Kinyume chake, nunua kipya, na kabla ya kulipa uliza swali ambalo wauzaji hawajazoea kuulizwa: masasisho yataendelea hadi lini? Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inawataka watengenezaji wautangaze muda huo, na kwa kuwa matangazo hayo yako mtandaoni, mnunuzi wa Mombasa au Mwanza naye anaweza kuyasoma, mradi ahakikishe modeli ni ile ile.

Mtandao ukigoma: soma dalili kabla ya kuchagua tiba

Sasisho limekwisha, taa zimewaka, lakini simu inasema "Imeunganishwa, hakuna intaneti". Kabla ya kugusa kitufe chochote, angalia kisanduku cha faiba. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, tatizo ni waya wa faiba au mtambo wa mtoa huduma, na ruta yako haina kosa hata kama vyote vimetokea saa moja. Piga simu kwa mtoa huduma na usibadilishe chochote.

Taa ya LOS ikiwa imezimika na ya PON imetulia, chukua kompyuta uiunganishe na ruta kwa kebo. Jaribio hili dogo hugawa matatizo yote katika mafungu matatu. Kebo ikileta intaneti na Wi-Fi isilete, kosa liko kwenye redio. Vyote viwili visipoleta, kosa liko ndani ya ruta au kati yake na mtoa huduma. Na kama simu zote zinafanya kazi isipokuwa kifaa kimoja, kosa ni la kifaa hicho na namna kinavyoelewana na toleo jipya.

Fungu la pili ndilo linalotokea sana. Angalia anwani iliyopewa kompyuta. Ikianza na 169.254, ruta haigawi anwani, yaani huduma yake ya DHCP imezimika au haijaamka. Ikiwa ni ya kawaida, kwa mfano 192.168.0.105, jaribu kupiga pingi 8.8.8.8, yaani kuituma kompyuta iulize kama anwani hiyo inajibu. Majibu yakija lakini tovuti hazifunguki kwa majina, tatizo ni DNS, na kuweka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 katika ukurasa wa ruta hulimaliza. Majibu yasipokuja, rudi kwenye picha ya ukurasa wa WAN: jina la PPPoE limefutika, aina ya muunganisho imerudi kuwa ya kiotomatiki, VLAN imepotea au APN imebadilika. Kuna pia mgongano usioonekana kirahisi, ambapo ruta yako imerudi kwenye 192.168.1.1 wakati kisanduku cha faiba nacho kinatumia anwani hiyo hiyo. Ibadilishe yako iwe 192.168.50.1 na mambo yatanyooka.

Katika fungu la redio, subira ya dakika mbili huponya mengi. Chaneli za 52 hadi 144 katika masafa ya GHz 5 hutumiwa pia na rada, na ruta inayozitumia inatakiwa isikilize kwa angalau sekunde 60 kabla ya kurusha, kwa hiyo jina la mtandao wa GHz 5 huchelewa kuonekana kila ruta inapowaka. Lisipoonekana kabisa, chagua chaneli 36. Kwa GHz 2.4, kaa kwenye 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo haziingiliani.

Fungu la kifaa kimoja lina sababu mbili kuu. Toleo jipya linaweza kuwa limewasha usalama wa WPA3, ambao printa, kamera na simu za zamani haziujui. Uweke kuwa WPA2 pekee, angalau kwa mtandao wa wageni utakaovihudumia vifaa hivyo. Au limeunganisha GHz 2.4 na GHz 5 chini ya jina moja, na kifaa kinachojua GHz 2.4 peke yake kikapotea njia; hapo tenganisha majina. Kabla ya hayo, kiambie kifaa kiusahau mtandao huo na kujiunga upya, maana kinaweza kuwa kimeshikilia makubaliano ya zamani.

Tiba zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kuwasha upya hakufuti chochote, na ndiyo maana huja kwanza. Zima vyote viwili, washa kisanduku cha faiba, subiri taa ya PON itulie kwa dakika mbili hivi, ndipo uwashe ruta. Mpangilio huo ni muhimu, kwa sababu ruta ikiwaka kabla ya kisanduku inaweza kuomba anwani, ikakosa na kukaa hivyo.

Kuwasha upya kukishindwa, watu hugawanyika kati ya kurejesha mipangilio ya kiwandani na kurudi kwenye toleo la zamani. Wengi huona kurudi ndiko kwepesi, kwa kuwa jana mambo yalikuwa sawa. Mimi nasimama upande wa kurejesha mipangilio, na sababu zangu ni tatu. Hitilafu nyingi za baada ya sasisho hutokana na mipangilio iliyoandikwa na toleo la zamani na kusomwa vibaya na jipya, na kuifuta ndiko kunakoiondoa. Pili, kurudi nyuma hufungua tena ufa uliokuja kuzibwa. Tatu, kama ruta ilikuwa imekwisha kuingiliwa, sasisho pekee halimtoi aliyeingia: Mei 2025, kampuni ya GreyNoise ilieleza jinsi maelfu ya ruta za ASUS zilivyowekewa mlango wa siri ulioandikwa katika mipangilio yenyewe, ukabaki hata baada ya programu dhibiti kusasishwa. Kilichousafisha ni kurejesha mipangilio ya kiwandani.

Kurejesha kuna masharti yake. Bonyeza kitufe cha RESET kwa pini kwa takriban sekunde kumi hadi taa zote zipepese, kisha ingiza mipangilio kwa mkono kutoka kwenye picha zako. Usiirudishe nakala rudufu iliyohifadhiwa na toleo la zamani, kwa kuwa utakuwa umeirudisha hitilafu yenyewe. Badilisha nenosiri la msimamizi, na hakikisha usimamizi kutoka nje ya nyumba umezimwa. La muhimu kuliko yote: fanya hivi kwa ruta yako tu. Kisanduku cha faiba cha mtoa huduma kikirudishwa kiwandani kinaweza kupoteza utambulisho wake kwenye mtambo, na ukabaki bila huduma hadi fundi wa kampuni afike.

Kurudi toleo la zamani kunabaki na nafasi moja ya haki: hitilafu imerudi baada ya mipangilio kufutwa, maelezo ya toleo jipya hayataji dawa ya usalama, na mtengenezaji anaruhusu kushuka. Hata hapo ni makazi ya muda hadi toleo lifuatalo.

Ruta isiyowaka kabisa huhitaji uokoaji, na hapa modeli hutofautiana sana. Baadhi ya Linksys hubeba nakala mbili za programu dhibiti, na ukiikatia umeme mara tatu mfululizo wakati inawaka huamkia nakala ya zamani. ASUS ina hali ya uokoaji: bonyeza RESET huku ukiwasha hadi taa ya umeme ipepese polepole, ipe kompyuta anwani ya 192.168.1.10, kisha tumia programu ya kampuni ya kurejeshea. MikroTik ina Netinstall, programu ya kompyuta inayoiwekea ruta mfumo upya kwa kebo. Archer C7 ya toleo la 2 huomba kwa TFTP, njia sahili ya kuhamisha mafaili, faili la uokoaji lenye jina maalumu kutoka kwa kompyuta yenye anwani 192.168.0.66. Kompyuta isipopata dalili yoyote ya uhai kupitia kebo katika hali hizo, kipakiaji cha kuwashia, yaani programu ndogo inayoiamsha ruta, nacho kimeharibika, na kazi iliyobaki ni ya fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu moja kwa moja. Kama risiti ya dhamana bado haijaisha muda, ruta ipelekwe dukani kabla fundi huyo hajaifungua, kwa sababu ganda likishafunguliwa dhamana kwa kawaida huwa imekwisha.